Kanisa Lililoitika

Jumapili ya pili ya Kwaresima, katikati ya wimbo ambao hata mbuzi wa Lithari wanaujua, sauti ya Stavrianos, mwimbishaji wa kanisa, ilikatika. Haikukatika kwa kikohozi wala kwa kupaliwa na mate, mambo ambayo humpata kila mtu. Ilipanda ikitafuta mahali pa kushika, ikakosa, ikashuka, ikakosa tena, halafu ikapasuka. Watu waliangalia sakafu. Padri Lambros, aliyekuwa altareni nyuma ya ukuta wa picha takatifu, alidakia maneno yaliyobaki akayamalizia kwa sauti yake ya kunadi samaki, na ibada ikaendelea.

Zambeta, mke wa Stavrianos, alikuwa amesimama upande wa wanawake, chini ya boriti ya marumaru iliyochongwa tausi wawili wanaokunywa kikombe kimoja. Alihisi uso ukimwaka. Hakumwonea mumewe aibu. Kilichomchoma ni jinsi wanawake wenzake walivyomsogelea taratibu, bega kwa bega, kama watu wanavyomsogelea mfiwa. Wanawake wa Lithari wana pua ya msiba. Wakikusogelea hivyo, jua kuna kitu kimeshakufa nyumbani kwako.

Na kweli kilikuwa kikifa. Lithari haina kitu kingine cha kuringia. Ina mawe, ina mizeituni iliyopindishwa na upepo, ina minara ambayo mababu waliijenga ili wapigane risasi wao kwa wao, na ina kanisa la Ai Trifonas, mtakatifu wa mizabibu, ingawa mizabibu ilishaondoka zamani pamoja na vijana. Kanisa lenyewe ni dogo. Watu wa mjini wakipita kwenda ufukweni hawageuzi hata shingo. Kuta zake ni za mawe yaliyozungushiwa matofali mekundu, kuba lina pande nane, na ndani kuna nguzo nne ambazo hakuna hata moja inayofanana na mwenzake, kwa sababu mafundi wa enzi za wafalme wa Konstantinopoli waliziokota kwenye magofu ya wapagani. Walichokuta ndicho walichosimamisha.

Lakini humo ndani mtu akiimba vizuri, unaweza kuapa kwamba kuta zina mapafu. Kijiji kizima kimejifunza kuimba humo, na hata nje ya kanisa huimba kwa kuanzia chini, pale pale, kwenye sauti ile ile nzito. Wanawake wa vijiji vingine vya rasi ya Mani wanapomwombolezea maiti huanza juu, kwa kupiga yowe. Wa Lithari huanzia tumboni. Nusu yao walishahamia Pireas, bandarini, na hata huko, mlio wa kwanza tu ukitoka kwenye nyumba ya msiba, wapita njia hunong'onezana, "Hao ni wa Lithari." Kwa nini waanzie hapo, hakuna aliyewahi kuuliza. Mtu haulizi kwa nini analala upande wa kulia.

Zambeta hakuzaliwa Lithari. Alikuja msichana, kutoka ng'ambo ya bonde, kwenye sikukuu ya mtakatifu, akiwa na baba yake ambaye alikuwa ameshampatia mchumba mwenye nyumbu wazuri na kinu cha mafuta. Akaingia kanisani, akasikia kijana mwembamba mwenye masikio makubwa akiimba, na magoti yakamlegea. Alipotoka nje alimwambia baba yake, "Namtaka yule anayeimba."

"Utakula sauti?" baba yake aliuliza.

"Nitakula."

Na ameila miaka yote hiyo, pamoja na mkate na zeituni. Ndugu zake wamemcheka kwa ajili ya nyumba yake ndogo na shamba lake la mawe, naye hakujali, kwa sababu kila Jumapili alisimama chini ya wale tausi akalipwa.

Sasa malipo yalikatika. Jumapili ile waliporudi nyumbani alichemsha majani ya mlimani, akatia asali, akamsukumia mumewe kikombe.

"Kunywa."

"Nimeshakunywa asubuhi."

"Ya asubuhi ilikuwa ya mafua. Hii ni ya koo."

"Koo haliniumi, mama watoto. Lingekuwa linauma ningeshukuru."

Mafua alikuwa ameyapata kwenye sikukuu ya mtakatifu, mwanzoni mwa Februari, kama kila mtu pale kijijini. Mwaka ule kanisa zima lilikohoa, hata padri alibariki watu huku akipiga chafya. Siku ile Stavrianos aliimba vibaya, na hakuna aliyeshangaa. Mafua yakaisha. Sauti haikurudi.

Alizungusha kikombe mezani bila kukinyanyua. "Unajua huwa naanzaje?" aliuliza.

"Unafungua mdomo."

"Kabla ya kufungua mdomo." Hakuwa amemwambia mtu hata siku moja, hata mkewe, na alisema akiwa ameinama kama anayetaja ugonjwa wa siri. Marehemu mjomba wake, aliyeimbisha pale kabla yake, alimfundisha kuita. Unasimama mahali pa mwimbishaji, unavuma kwa pua, chini kabisa, mtu wa pembeni asisikie. Unapandisha kidogo, unashusha kidogo, mpaka kanisa liitike. "Likiitika unalisikia hapa," alisema, akigusa mfupa wa kifua. "Hapo ndipo pa kuanzia. Ukianzia hapo huchoki, hata uimbe mpaka asubuhi. Hujibebi mwenyewe."

"Na sasa?"

"Sasa naita, haliitiki. Natafuta juu, natafuta chini, mpaka koo linachanika. Zambeta, nadhani amenichoka."

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

Zambeta alivuta kikombe kile, akakinywa yeye mwenyewe.

Katikati ya Kwaresima Padri Lambros alipita. Alizungumzia bei ya mafuta, akazungumzia mvua, akamsifia Zambeta dengu zake zisizo na mafuta, na wote watatu wakajua kwamba hakuja kwa ajili ya dengu. Mwishowe alisema. Ijumaa Kuu watu wa Pireas wangekuja kwa mabasi, kama kila mwaka, kusikia Maombolezo ya Kaburi. Na Metaxia, binti wa Garoufalia dada yake Stavrianos, alikuwa mwalimu pale Areopoli na alisomea uimbaji wa kanisa mjini Kalamata. Huenda angeweza kumsaidia mjomba wake.

"Kunisaidia au kushika mahali pangu?" Stavrianos aliuliza.

"Stavrianos, ndugu yangu..."

"Niachie mpaka Jumapili ya Matawi. Nikishindwa mpe yeye, na mimi nitakaa nyuma na vikongwe."

Kuanzia siku ile alinyamaza. Alikuwa mtu wa kuimbia mizeituni anapoipogoa, kuimbia mbuzi, kuimbia hata viatu anapovisugua. Sasa alipogoa kimya kimya, akarudi kimya kimya, akala akitazama sahani. Zambeta alijikuta akimkasirikia. Kisha alijikasirikia mwenyewe kwa kumkasirikia, kwa sababu alijua anachokililia: hakumlilia mumewe, alililia Jumapili zake.

Wiki ya mwisho kabla ya Juma Kuu alikuwa uani akiosha kasiki la mafuta. Kasiki la Zambeta ni kubwa, na kulisugua kitako lazima uingize kichwa na bega. Zambeta naye ana tabia ya kunung'unika anapofanya kazi, akiyajibu mambo ambayo watu walimwambia miaka mingi iliyopita. Alikuwa akimjibu dada yake, kichwa kikiwa ndani, aliponguruma "Mmmh" ya dharau, na kasiki likamrudishia "Mmmh" nene, pana, iliyomtikisa meno.

Akacheka. Mtoto gani hajawahi kucheza hivyo? Akajaribu juu kidogo, kasiki likanyamaza. Chini kidogo, kimya. Akarudi pale pale pa kwanza, likanguruma tena. Kisha akasokomeza kitambaa shingoni mwa kasiki, na kwa sababu mchezo ulikuwa haujamtoka, akainamia mdomo wake akavuma tena mahali pale. Kasiki halikusema kitu.

Alibaki ameinama, maji ya majivu yakimchuruzika viwikoni. Alikuwa amekumbuka nyigu.

Mwaka uliopita, mwezi wa nane, kwenye sikukuu ya Bikira, nyigu mmoja alitoka kwenye tundu la ukutani akamchoma Padri Lambros sikio, kikombe kitakatifu kikiwa mikononi. Padri hakukiangusha kikombe, ila alitamka neno ambalo halimo kitabuni. Kule juu, kwenye pembe nne zinazobeba kuba na kando ya matao, kuna matundu ya duara yenye ukingo wa udongo. Ni midomo ya vyungu vilivyojengewa ndani ya ukuta. Wazee walikuwa wakisema mafundi waliviacha ili kupunguza uzito, au walichoka kuteremka navyo. Nyigu walifanya humo makao. Basi mwezi wa Januari, baridi ikiwa imewalaza nyigu, Zambeta na wifi yake Garoufalia walisimamisha ngazi, wakasokomeza sufu katika kila tundu, wakaziba juu yake kwa chokaa. Kanisa likawa jeupe, safi, linapendeza. Kwenye sikukuu ya mtakatifu kila mtu aliwapongeza kati ya kikohozi na kikohozi.

Zambeta hakungoja hata kunawa. Alimkuta Garoufalia kwenye kibanda cha kuku.

"Wifi," alisema, "tumemziba kaka yako mdomo."

Ilibidi aeleze mara mbili, na mara ya pili alichukua ndoo ya kuku akavuma ndani yake. Garoufalia alimalizia kuokota mayai. Ni mwanamke mnene, mtulivu, asiyepoteza usingizi kwa dhambi ndogo.

"Tulitaka usafi," alisema.

"Na tumeupata."

"Basi tukazibue. Leo leo, wanaume wakiwa mashambani. Na tusiseme neno. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na nyigu?"

"Nyigu wamchome padri. Ana sikio lingine."

Wakaenda mchana ule, jua likiwa linaingia kupitia madirisha ya kuba na kutua kwenye sakafu. Garoufalia alipanda ngazi na mundu wa kukatia zabibu, Zambeta akashika ngazi chini. Chokaa ilidondoka, sufu ikatoka ndefu na chafu. Walizunguka pembe zote nne, kisha matao. Tundu la mwisho lilipofunguka, Zambeta aliacha ngazi, akaenda kusimama mahali pa mumewe. Hakuwa amewahi kusimama hapo. Si mahali pa mke wa mtu. Alivuma kwa pua, chini, akapandisha kidogo.

Kanisa likaitika.

Sauti ya Zambeta ni ya kuitia mbuzi. Imekwaruzika tangu ujana, na hata watoto wake alipowabembeleza walilia zaidi. Lakini kilichorudi kutoka juu kilikuwa kipana, cha moto, kina huzuni ndani yake na upole ndani ya huzuni. Kilimwingia kifuani pale pale kilipomwingia akiwa msichana. Alifungua mdomo akaimba neno moja tu, "Bwana," na Bwana huyo alikuwa wa Stavrianos.

"Acha utani," Garoufalia alisema kule juu ya ngazi, uso umemgeuka. "Nimemsikia kaka yangu."

Zambeta aliketi kwenye ngazi ya altare kama mtu aliyeambiwa habari ya kifo. Kwa hiyo ilikuwa ni hii. Alikuwa amemkataa mwenye kinu, amezeeka kwenye mawe ya Lithari, amezaa, amezika wakwe, kwa ajili ya kitu ambacho kumbe kilikuwa humu ukutani tangu kabla babu wa babu yake hajazaliwa, kikimwitikia yeyote ajuaye kuita. Wangemsimamisha hapo yule mwenye nyumbu, naye angemlegeza magoti. Ilimuuma. Kisha alimfikiria Stavrianos, na ikamuuma zaidi.

"Usimwambie," Garoufalia alisema, akiteremka. "Nakuomba, wifi. Ukimwambia sauti si yake, atabaki na nini? Masikio?"

Hakumwambia. Jumamosi ya Lazaro Stavrianos alienda kanisani peke yake, kujaribu mara ya mwisho, na akarudi akikimbia, mtu mzima, kofia mkononi. Machozi yalikuwa yamemlowesha mashavu. "Ameitika," alisema mlangoni. "Zambeta, ameitika. Amenisamehe." Alimkumbatia akamwinua, naye akacheka pamoja naye, na kwa siku chache furaha ilikuwa ya kweli kwa sababu mumewe alikuwa na furaha. Jumapili ya Matawi aliimba mpaka vikongwe wakalia. Padri Lambros alimpa mkono mbele ya watu wote, akasema Ijumaa Kuu atatangaza muujiza wa Ai Trifonas. Stavrianos akaamua kumtengenezea mtakatifu sadaka ya koo la fedha, la kutundikwa kwenye picha yake.

Ndiyo shida ya kombe lililofunikwa. Halitulii. Kila siku Stavrianos aliongeza kitu juu yake: kwanza alikuwa amesamehewa, kisha alikuwa amejaribiwa kama Ayubu, kufikia Jumatano alikuwa ameteuliwa. Zambeta alimsikiliza akiosha mboga.

Alhamisi Kuu asubuhi alikuwa akipaka mayai ya Pasaka rangi nyekundu, Stavrianos amekaa mezani akiyang'arisha kwa kitambaa chenye mafuta, Metaxia alipoingia na kikapu cha maua ya kupambia jeneza la Bwana. Ni msichana mrefu, mwenye aibu, anayetembea kama anayeomba radhi kwa urefu wake.

"Mjomba, nimefurahi sana kwa ajili yako," alisema. "Kweli."

"Asante, mwanangu. Na wewe usivunjike moyo." Stavrianos aliinua yai kwenye mwanga. "Unaimba vizuri. Unaimba kama kitabu. Ila sauti haisomwi. Mungu humpa amtakaye. Aliniondolea mimi, akatazama huku na huku, hakuona wa kumpa, akanirudishia."

Alisema kwa upole, ndiyo ubaya wake. Metaxia alitabasamu, akasema, "Ndiyo, mjomba," akachukua kikapu chake akatoka bila kahawa. Zambeta alimwona kupitia dirishani akisimama uani, akipanga upya maua ambayo yalikuwa yamepangika.

Alikausha mikono. Alikuwa anaogopa, na aliyaacha maneno yatoke kabla hofu haijamkamata.

"Stavrianos. Ni vyungu."

"Vyungu gani?"

Alimwambia yote: nyigu, sufu, chokaa, kasiki, ngazi. Hakupunguza kitu. Wakati wote ule mumewe aliendelea kuzungusha kitambaa juu ya yai lile lile.

"Tangu Januari," alisema.

"Tangu Januari."

"Na mlipozibua, mlijaribu?"

"Nilijaribu mimi."

"Likaitika?"

"Likaitika."

"Ilikuwaje?"

Hapo angeweza kusema uongo, na ungekuwa uongo mdogo. "Kama wewe," alisema.

Stavrianos aliliweka yai kwenye bakuli pamoja na mengine, kwa uangalifu, lisigongane. "Ulinifuata kwa ajili ya sauti," alisema.

"Nilifuata sauti."

"Basi uliolewa na vyungu."

Hakusema kwa hasira. Zambeta alitamani kama angekuwa na hasira. Hasira ya mumewe anaijua, huisha na supu. Stavrianos alichukua kofia akatoka. Mchana hakurudi kula. Alasiri Garoufalia alikuja akihema, akaketi bila kukaribishwa.

"Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Amekuja kwangu kumchukua Metaxia. Wamejifungia kanisani. Nimepita mlangoni, wanavuma kama mzinga wa nyuki. Wifi, umefanya nini?"

Zambeta hakujua amefanya nini. Usiku Stavrianos alirudi, akala dengu zake, akamwambia zilikuwa na chumvi nzuri, akalala.

Ijumaa Kuu, jua lilipokuwa linazama, mabasi ya Pireas yalikuwa yamejaza barabara, na kanisa lilifurika mpaka uani. Jeneza la Bwana lilikuwa katikati, chini ya kuba, limefunikwa maua mpaka mbao hazionekani. Padri Lambros alikuwa amejiandaa kutangaza muujiza, lakini Stavrianos alimwendea, akamnong'oneza sikioni, lile zima. Padri alimtazama, kisha akatazama juu kwenye matundu, kisha akakunja karatasi yake akaitia mfukoni. Stavrianos akasogea pembeni, hatua moja tu, na Metaxia akasimama mahali pake.

Watu walinong'ona. Msichana alifumba macho. Hakuna aliyesikia alivyovuma, ila Zambeta, aliyekuwa anatazama koo lake, aliliona likitetemeka, likitafuta, likitulia. Kisha Metaxia alifungua mdomo.

Lithari nzima ilijua sauti ile. Ilikuwa ya kike, changa, na bado ilikuwa ile ile, yenye moto ule na huzuni ile, ikiteremka kutoka kwenye pembe za kuba juu ya vichwa vyao. Kikongwe mmoja wa Pireas alimshika Zambeta mkono. "Binti wa nani huyu? Ana sauti ya Stavrianos wako." Vichwa viligeuka, watu wakaanza kulia kwa utulivu, kama wanavyolia kila mwaka.

Magoti ya Zambeta yalilegea. Hakuweza kuyazuia. Yalilegea kama siku ile ya usichana, na akaona haya kama aliyefumaniwa, kwa sababu mumewe hakuwa akiimba. Alikuwa amesimama pembeni ya mpwa wake, akimshikilia kwa sauti ya chini, neno moja refu lisilokatika, kama ashikaye ngazi ili mwingine apande. Hakuwa akitazama kitabu. Alikuwa akimtazama yeye, mkewe, katikati ya watu wote wale, na uso wake ulikuwa mtupu. Alikuwa ametoa kile alichofuatiwa na mkewe, hadharani, na sasa alikuwa anangoja kuona.

Pale Ai Trifonas mwanamke havuki kwenda upande wa wanaume. Zambeta aliuachia mkono wa kikongwe, akapita mbele ya jeneza, akapita mbele ya padri, akaenda kusimama kando ya Stavrianos. Nyuma yake alimsikia Garoufalia akijikohoza kwa nguvu, ili watu wapate kitu kingine cha kusikiliza.

Jeneza lilipoinuliwa walitoka nalo nje, kijiji chote na mishumaa, wakaingia kwenye vichochoro kati ya minara. Nje hakuna kuba wala matao. Sauti za watu zilikuwa nyembamba, kila mtu na yake, na upepo ulizichukua upande wa bahari. Stavrianos alitembea akiwa amefumba mdomo.

"Sasa umebaki na mimi mtupu," alisema baadaye, bila kugeuka.

"Shika mshumaa wako wima, unanidondoshea nta."

Aliushika wima. Wakapita nyumba ya Garoufalia, wakapita kisima.

"Imba," Zambeta alisema.

"Hapa hapana vyungu."

"Najua. Imba nikusikie."

Alisita, kisha akaimba. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya puani kidogo, yenye mikwaruzo ya mzee. Zambeta aliijua. Ndiyo iliyomwita usiku mtoto wao alipokuwa na homa. Ndiyo iliyogombana naye kuhusu chumvi, na kuwaimbia mbuzi, na viatu. Aliisikia kila siku ya maisha yake bila kuihesabu kuwa ni sauti. Ilikuwa ndogo sana, na ikambidi asogee karibu ili aisikie yote.